Shilingi Inaposhuka: Deni, Bajeti na Mkulima wa Usambara

Mhadhara uliotolewa Lushoto mbele ya wakulima, walimu, wafanyabiashara na wanafunzi



Niliombwa nizungumzie shilingi. Wengi wetu tumezoeshwa kuamini kwamba habari ya thamani ya shilingi ni ya wataalamu wa Benki Kuu na wenye maduka ya kubadilisha fedha kule Dar es Salaam. Mimi nasema ni habari ya shamba la kabichi la Malindi na shamba la chai la Bumbuli. Tena nasema kwamba ugomvi ambao nchi hii imekuwa nao juu ya shilingi tangu 1979, kiini chake ni matumizi: serikali ilipie nini, na gharama yake ibebwe na nani. Kila tulipogombania namba iliyoandikwa kwenye ubao wa dola na kuyaacha matumizi pembeni, aliyeumia alikuwa mkulima.

Tuanze dukani. Ingieni duka lolote la pembejeo, Soni au Lukozi, mtazame rafu. Mbegu chotara za kabichi na nyanya zimefungwa kwenye makopo yaliyotoka nchi za nje. Dawa ya ukungu, ambayo msimu wa mvua na mawingu huku kwetu mtu hawezi kuikwepa, imetoka India au China. Mfuko wa mbolea ya DAP umeshushwa kwenye meli. Bomba la kupulizia limetoka nje. Ukitoka dukani, lile lori la Fuso linalongoja mzigo linakunywa dizeli iliyoingia bandarini Tanga au Dar es Salaam, na bei ya dizeli hiyo hutangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwa kanuni ambayo ndani yake mna bei ya mafuta duniani pamoja na bei ya dola.

Sasa teremkeni na mzigo huo hadi Mombo, mpaka sokoni Dar es Salaam. Kabichi, karoti, hoho na tenga la nyanya vinauzwa kwa shilingi, kwa mama lishe na kwa mwenye genge, ambao kipato chao ni shilingi. Kwa hiyo mkulima wa mboga wa mlima huu ananunua kwa dola na kuuza kwa shilingi, ingawa dola yenyewe hajawahi kuishika mkononi.

Mwaka 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwisho wa 2023 ilikuwa imefika 2,500. Kabla mwaka 2024 haujafika ukingoni ilipita 2,700. Chukueni mfano wa bidhaa ya dola 20: ilikuwa shilingi 46,000, ikawa 54,000, bila mwenye kiwanda kuongeza hata senti. Zile 8,000 zilizozidi nani anazirudisha? Dalali hakuongezei kwa sababu dola imepanda. Yeye anakuja na gunia lake la lumbesa kama kawaida, na bei anayotoa ni ya siku hiyo, ya mzigo ulioingia sokoni siku hiyo. Ndiyo maana nasema kushuka kwa shilingi ni kodi. Haina risiti, na haikujadiliwa na diwani wala mbunge.

Lakini mlima huu una mkulima mwingine, na hesabu yake ni tofauti. Mkulima wa chai anazalisha kitu kinachouzwa kwa dola. Wachumi watakuambia kwamba shilingi ikishuka yeye anafaidi: dola ile ile ya mnadani inageuka shilingi nyingi zaidi. Kwenye karatasi ni sahihi kabisa. Tazameni basi ilivyokuwa Bumbuli. Mwaka 2015 shilingi iliporomoka kwa kasi, dola ikatoka kwenye 1,700 na kuvuka 2,000 katika kipindi cha miezi michache. Ule ulikuwa mwaka wa mkulima wa chai kuvuna faida iliyoandikwa vitabuni. Lakini kiwanda cha Mponde kilikuwa kimefungwa tangu 2013 kwa mgogoro wa umiliki, na majani yalikuwa yanakomaa shambani mpaka yanageuka kichaka. Shilingi ilishuka, dola ikapanda, na mkulima hakupata chochote, kwa sababu kati yake na dola palitakiwa pawe na mlango wa kiwanda ulio wazi, umeme, barabara inayopitika masika na mtu wa kumlipa kwa wakati. Vitu hivyo vinatokana na maamuzi ya serikali na matumizi yake. Kiwango cha kubadilisha fedha peke yake hakichumi jani moja.

Mfano huo wa Mponde naomba muushike, maana nitarudi nyuma sana na mtaniona kama nimepotea.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei. Kabla ya hapo fedha yetu ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na Waingereza mwaka 1919, makao yake ya kwanza London. Chini ya bodi ile noti zilizunguka kwa dhamana ya paundi zilizowekwa Uingereza, na serikali ya hapa haikuwa na njia ya kujichapia fedha ikiishiwa. Shilingi yetu ilikuwa sehemu ya uhuru wetu, na iliingia duniani ikiwa na heshima: dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14.

Miaka kumi baadaye mambo yakaanza kukunjana. Baridi kali ya 1975 ilipoharibu mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ilipanda na Hazina yetu ikajaa fedha za kigeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukalazimika kujinunulia wenyewe vitu tulivyokuwa tukivitumia kwa ushirika, ndege na mitambo. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na akiba ya fedha za kigeni ikaisha kwa miezi tu. Oktoba mwaka huo Idi Amin akavamia Kagera, na vita ile ilikadiriwa kutugharimu dola milioni 500. Wakati majeshi yetu yanaingia Kampala, Aprili 1979, mafuta nayo yalikuwa yanapanda bei kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja.

Mtei wakati huo ndiye Waziri wa Fedha. Alizungumza na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, nalo likatoa masharti yake: punguzeni thamani ya shilingi, baneni matumizi, zuieni mishahara kupanda, ondoeni udhibiti wa bei. Mtei alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi ujumbe wa shirika hilo ulivyofika kwa Mwalimu Nyerere Msasani, na jinsi Mwalimu alivyokataa kata kata. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu. Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu aliwahutubia mabalozi akahoji tangu lini shirika lile limekuwa Wizara ya Fedha ya mataifa yote.

Nimesikia watu wakiusimulia ugomvi ule kama kesi ya mjinga na mwerevu, kila mtu akimpa ujinga yule asiyempenda. Siukubali usimulizi huo. Mwalimu alikuwa sahihi kwamba hakuna mgeni mwenye haki ya kutuchagulia shule ipi ifungwe na zahanati ipi ikose dawa. Mtei naye alikuwa sahihi kwamba ile namba ya shilingi 8 kwa dola haikuwa ya kweli tena, na kwamba kuna mtu alikuwa anailipia.

Mtu huyo alikuwa mkulima wa kahawa, na baadhi ya wakulima hao walikuwa huku huku. Kahawa yake ikiuzwa nje kwa dola moja, mamlaka ya zao ilipewa shilingi 8 na kidogo, ikakata gharama zake, kilichobaki ndicho kikapanda mlima. Dola hiyo hiyo mitaani ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Tofauti ile ilikwenda kwa nani? Kwa aliyepata kibali cha kununua dola kwa shilingi 8. Mwenye kibali aliagiza bidhaa kwa bei rahisi, na mkulima aliyeileta ile dola alikwenda duka la kaya kupanga foleni ya mche wa sabuni. Ndipo magendo yakashamiri. Iliki ya Usambara Mashariki na kahawa zilivuka mpaka kwenda Kenya, kwa sababu huko fedha ilinunua khanga na sukari. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Walikamatwa walanguzi wengi, mali zilizofichwa zikatolewa, na watu walishangilia. Nawaelewa walioshangilia. Lakini bidhaa ziliendelea kuwa haba, maana kilichozifanya ziwe haba hakikuwa stoo ya mtu mmoja.

Wakati huo huo serikali ilikuwa inatumia zaidi ya inavyokusanya. Mashirika ya umma yaliyopata hasara yaliendelea kukopeshwa na benki ya taifa, na nakisi ya bajeti ikazibwa kwa kukopa Benki Kuu, ambayo kwa lugha ya mtaani ni kuchapa noti. Mfumuko wa bei ukawa karibu asilimia 30 kwa mwaka. Kwa hiyo shilingi ilikuwa inashuka kila siku sokoni, huku redioni imesimama pale pale.

Aliyeanza kuilegeza kamba ni Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, mwana wa Upare, jirani zetu wa milima ya pili. Bajeti yake ya Juni 1984 ilishusha shilingi kutoka kama 12 hadi 17 kwa dola, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mlioishi wakati huo mnakumbuka pikapu na mitumba vilivyoanza kuonekana. Mwalimu aling'atuka Novemba 1985. Mwaka uliofuata, chini ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, dola ikawekwa shilingi 40, na Agosti 1986 mkataba na IMF ukatiwa saini, miaka karibu saba tangu Mtei aondoke. Ilipofika 1995 dola ilikuwa inavuka 500.

Rafu zilijaa, hilo hakuna wa kulikana. Lakini serikali iliambiwa ibane matumizi, nayo ilibana wapi? Ilibana shuleni na hospitalini. Uchangiaji ukaingia hospitali za serikali mwaka 1993. Ada na michango ya shule za msingi ilirudi, na watoto waliokuwa waandikishwe wakabaki nyumbani, mpaka ada ilipofutwa 2001. Gharama ya kurekebisha shilingi ilibebwa na mtoto wa miaka 7, na sijawahi kuona kumbukumbu ya Bunge inayoonyesha kwamba wawakilishi wetu walikaa wakalipigia kura jambo hilo kwa jina lake.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Serikali ikitaka kutumia shilingi ambayo haijaikusanya, ina njia chache. Itoze zaidi. Ikope. Au iache fedha ipungue thamani na bei zipande. Njia ya kwanza inaonekana, ndiyo maana inapigiwa kelele. Njia ya pili inaonekana nusu. Njia ya tatu haionekani kabisa mpaka mtu afike dukani. Na wanasiasa, wa chama chochote, hupenda ile isiyoonekana.

Mnakumbuka tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021. Mtu alimtumia mama yake fedha kutoka Dar es Salaam kuja Lukozi, akaona makato yanavyomla. Nchi nzima ililalamika na tozo ikapunguzwa ndani ya miezi miwili. Miezi ile ile serikali ilipata mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchi nzima. Baadhi mnayaona kwa macho katika kata zenu. Desemba 2021 Spika wa Bunge, Job Ndugai, akahoji hadharani kasi ya kukopa, akisema ipo siku nchi itapigwa mnada. Mwanzoni mwa Januari aliomba radhi, Rais Samia Suluhu Hassan akamjibu kwa ukali, na tarehe 6 Januari 2022 Spika akajiuzulu.

Ndugai amekwisha kutangulia mbele ya haki, na sitamsemea. Nataka muuone mfanano. Mwaka 1979 aliondoka mtu aliyetaka tukope kwa masharti. Mwaka 2022 aliondoka mtu aliyehoji kukopa. Mara zote mbili mtu alipoondoka, mjadala nao ulizimwa. Swali la Ndugai lilistahili jibu kwa hesabu: tunadaiwa kiasi gani kwa dola, tunalipa kwa dola zipi, na darasa hili litaturudishia nini. Mimi naamini jibu la madarasa lilikuwepo, tena zuri. Mtoto aliyekuwa anasoma chini ya mti au amebanana na wenzake 120 ni sababu halali ya kukopa. Lakini nchi haikupewa nafasi ya kulisikia likijengwa hoja kwa hoja, na uhaba wa dola ulipokuja kutubana 2023 watu wakabaki na fununu tu.

Uhaba ule ulikuwa na sababu za nje na za ndani. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 na dola zikakimbilia kwao. Vita ya Ukraine ilipandisha mafuta, ngano na mbolea. Na sisi wenyewe tulikuwa katikati ya kujenga reli ya SGR na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, kazi zinazotaka mitambo na wakandarasi wa kulipwa dola. Siyapingi hayo. Bwawa lilikula dola miaka mingi, sasa linatoa umeme ambao viwanda vinauhitaji. Shangingi la mkurugenzi nalo lilikula dola siku lilipoagizwa, na linaendelea kuzila kila linapojazwa mafuta, na halitarudisha hata moja. Katika vitabu vya bajeti vyote viwili ni matumizi ya serikali. Mkulima anayeulizwa kama serikali itumie zaidi au ipunguze ameulizwa swali bovu.

Chukueni mbolea ya ruzuku. Mwaka 2022 serikali iliweka shilingi bilioni 150, na mfuko wa DAP uliokuwa umevuka 120,000 ukauzwa 70,000. Ilikuwa afueni kubwa na nisingependa iondolewe. Lakini fedha ile ilikuwa inanunua mbolea ya dola kwa ajili ya mtu anayeuza kwa shilingi. Kila shilingi ikishuka, ruzuku ile ile inanunua mifuko michache zaidi, mpaka Hazina iongeze au mkulima aongezewe bei. Tuna fosfeti Minjingu, mkoani Manyara. Ng'ombe wanaofungwa ndani huku mlimani wanatoa samadi ambayo mababa zetu waliithamini. Sehemu ya fedha ya ruzuku ikienda huko, utegemezi wa dola utapungua, na hilo ni jambo la kumwambia mbunge kwa maneno hayo hayo.

Nikiri kwamba Benki Kuu haikukaa bure. Januari 2024 ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu cha sera, ikianzia asilimia 5.5, kisha 6 mwezi Aprili. Ikaanza kununua dhahabu ya ndani ili kukuza akiba. Machi 2025 zikatoka kanuni za kukataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo pango la nyumba Dar es Salaam halipaswi tena kudaiwa kwa dola. Shilingi ilidhoofika tena mwanzoni mwa 2025, kisha ikajipanga, na kufikia robo ya mwisho ya mwaka ilikuwa imerudi kwenye 2,400 na ushei. Wenzetu Kenya waliona makubwa zaidi: dola ilipita shilingi 160 za kwao Januari 2024, na baada ya kukopa upya Februari ili kulipa mkopo uliokuwa unaiva Juni, ikarudi karibu 130. Shilingi yao ikapona. Lakini deni lilibaki, serikali ikatafuta fedha kwa Muswada wa Fedha, na Juni 25 vijana wakaingia Bungeni. Namba ya dola ilikuwa imetulia kabisa siku ile.

Nawauliza nyinyi mnaonunua dawa: dola ilipopanda, bei ilipanda baada ya muda gani? Na iliposhuka kutoka 2,700 hadi 2,400, kopo lile lile lilishuka bei? Mwenye duka la rejareja ana mzigo alioununua kwa bei ya zamani, namwelewa. Muagizaji mkubwa ana hesabu nyingine, na huyo anapaswa kuulizwa na Tume ya Ushindani.

Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49. Mwaka uliotangulia ilikuwa 49.35. Namba hizo hazimwambii kitu mtu wa Mtae mpaka zivunjwe vipande, na mahali pa kuzivunja si Dodoma peke yake. Halmashauri zinaandaa makisio yao kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwekwa mezani Bungeni mwezi huo huo, na ndani yake mna sura za serikali za mitaa. Diwani wako anayo haki ya kuisoma na wewe unayo haki ya kumuuliza. Muulize fedha ya barabara ya kuteremshia mazao ni kiasi gani na ya magari ni kiasi gani. Muulize kama ushuru wa mazao unaokatwa njiani umerudi kutengeneza kona ambazo Fuso hulala masika. Wa Bumbuli waulize kila mwaka kiwanda cha chai kinanunua majani kwa siku ngapi katika wiki na kinalipa baada ya siku ngapi, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua kama dola ikipanda wao watapata au watakosa.

Nimefika mwisho wa niliyoyaandaa. Naomba maswali, na ningependa wakulima wa chai waanze. Wengine wetu tumeumia shilingi iliposhuka, lakini wao waliahidiwa faida, na bado hawajaelezwa ilikwenda wapi.